Mwacheni Biharusi na Ngozi Yake: Leza Haifuti Tatuu kwa Wiki Mbili



Leo hatuleti mitindo ya mitandio. Tuna neno limetukaa kooni tangu msimu wa harusi uanze, na wa kulisikia walisikie, mawifi na mama wakwe wakiwemo. Tumechoka kuona wasichana wanaunguzwa ngozi ili tatuu isionekane siku ya harusi. Mtu kaposwa Rajabu, harusi kapangiwa Mfunguo Mosi, na hapo katikati katakiwa awe keshaufuta mchoro uliomkaa miaka sita. Katakiwa na nani? Na watu ambao hawajui hata tatuu inakaa wapi ndani ya ngozi.

Sisi ni mafundi cherehani, tunashona magauni ya harusi. Mtu akija kupimwa anavua buibui, mlango umefungwa, tunapima kifua, mkono na mgongo. Tunayaona ambayo hata mama mzazi hajayaona. Tumeona kipepeo begani, nyota nyuma ya shingo, herufi mbili kwenye kifundo cha mkono, na majina ya wanaume ambao si bwana harusi. Wengine walichora walipokuwa chuo Dar. Wengine walichanjwa na shoga zao wakiwa skuli, kwa sindano ya kushonea na wino wa kalamu. Biharusi wa namna hii humjua kabla hajavua kitu, maana kabla hata ya kuchagua kitambaa anauliza, "Dada, mkono unaweza kuwa mrefu mpaka hapa?"

Kabla hamjatuandikia: hatusemi tatuu ni halali. Hadithi ya laana kwa mwenye kuchanja na mwenye kuchanjwa imo katika Bukhari na Muslim, na hatuna ubishi nayo. Lakini wale wanaoishika hadithi hiyo kama fimbo ya kumpigia biharusi, wasome na maelezo yake. Imamu Nawawi, ambaye sisi watu wa Shafi vitabu vyake twavijua, amelizungumza hili alipoisherehesha Sahihi Muslim. Palipochanjwa paondolewe kwa matibabu kama inawezekana. Na kama haliondoki ila kwa kujijeruhi, na mtu anachelea kuangamia, au kupoteza kiungo au kazi ya kiungo hicho, au kubaki na kasoro mbaya mahali pa wazi, hapo halazimiki kuondoa, na akitubia hana dhambi tena. Asiyechelea hayo, asicheleweshe. Tafuteni katika maneno hayo neno "harusi". Halimo. Limo neno la madhara, na hilo ndilo mnaloliruka. Na mwenye wasiwasi wa udhu au sala yake amuulize shekhe mwenye elimu, asimuulize wifi yake jikoni. Kwa upande wa maji tu, wino uko chini ya ngozi, hauzuii maji kama rangi ya kucha.

Kwa hiyo kutaka kuondoa ni jambo jema. Ugomvi wetu ni haraka.

Ngozi ina tabaka la juu ambalo linajibadilisha kila baada ya wiki chache. Ndiyo maana hina inafifia, na piko pia. Tatuu haikai hapo. Sindano inalipita tabaka hilo na kuuacha wino kwenye tabaka la pili, chini. Mwili unauona wino ule kama uchafu, unatuma chembe zake za ulinzi ziumeze. Vipande vidogo vinachukuliwa na kwenda zake. Vikubwa vinazishinda chembe hizo, zinabaki pale pale zimeushika wino tumboni, na moja ikifa nyingine inakuja kuudaka. Tatuu unayoiona miaka kumi baadaye ni wino ulioshikwa na mwili wako mwenyewe.

Leza ni mwanga wa rangi moja, uliokusanywa ukawa na nguvu. Unapigwa kwa muda mfupi mno, wa kuhesabiwa kwa sehemu za bilioni za sekunde, na kwa mashine mpya zaidi sehemu za trilioni. Wino unaunyonya mwanga, unapata moto wa ghafla, unapasuka. Ngozi ya jirani haipati muda wa kuiva. Msingi huu wa kuchagua kitu kimoja ndani ya ngozi na kukipiga hicho tu uliandikwa na Rox Anderson na John Parrish huko Marekani mwaka 1983, na mpaka leo ndio unaofuatwa. Mashine ikishapiga, kazi yake imekwisha. Wa kuuondoa wino ni mwili, kidogo kidogo, zile chembe za ulinzi zikibeba vipande vilivyopasuka. Hilo linachukua wiki nyingi na hakuna dawa ya kuliharakisha. Anayekupiga leza tena baada ya wiki mbili anaweka jeraha juu ya jeraha, wino wa mara ya kwanza haujamaliza hata kuondoka.

Sisi tunaoshika mkasi tunaielewa tofauti hii haraka. Mshono uliokosewa unafumuliwa, uzi unatoka, kitambaa kinabaki. Wino wa tatuu ni kama rangi iliyopikwa ndani ya kitambaa. Ukitaka itoke kwa siku moja utamwagia jiki, na jiki inakula rangi na kitambaa pamoja.

Sasa sikilizeni linalotuhusu sisi weusi na wa maji ya kunde, maana picha nyingi za kabla na baada mnazotumiana kwenye simu ni za ngozi nyeupe. Rangi ya ngozi yetu, melanini, nayo inanyonya mwanga. Leza isiyotufaa inakamatwa na melanini kabla haijaufikia wino. Inayoungua ni ngozi, na pakipona panabaki doa jeupe au doa jeusi zaidi. Leza yenye usalama zaidi kwa ngozi zetu ni ile ya Nd:YAG yenye wimbi la nanomita 1064, ambalo melanini hailinyonyi sana, kwa hiyo linapita na kwenda chini. Linaufaa wino mweusi na wa buluu iliyokoza. Nyekundu hupigwa kwa wimbi la 532, kijani kwa 694 au 755, na hayo melanini inayapenda. Mwenye jina la wino mweusi na mwenye ua la kijani na njano hawana safari moja, hata kama wamechorwa siku moja na mtu mmoja.

Ndiyo maana ukifika kliniki ulizia kwanza mashine. Ni aina gani? Wimbi lake ni kiasi gani? Mmewahi kutibu ngozi kama yangu, na mtanijaribu sehemu ndogo kwanza? Akikujibu kwamba ni leza nzuri sana kutoka nje, vaa buibui lako uondoke. Na mashine ya kuondolea nywele ya mwanga si mashine ya tatuu. Mapigo yake ni marefu mno kwa wino, inapika ngozi. Kuna saluni zinaitumia kwa yote mawili na kutoza bei mbili.

Siku yenyewe utapakwa krimu ya ganzi, utavalishwa miwani ya kukinga macho, wewe na anayekupiga. Maumivu yake ni kama mafuta ya moto yanayokurukia unapokaanga sambusa, mfululizo, kwa dakika chache ikiwa mchoro ni mdogo. Hapo hapo mchoro unageuka mweupe kama umenyunyiziwa unga. Usishangilie, wino haujatoka. Ni hewa iliyotokea ndani ya ngozi kwa ule moto, na kabla ya nusu saa weupe umeondoka na jina la yule bwana limerudi. Baadaye panakuwa pekundu, panavimba, na kesho yake huenda pakatoka malengelenge. Usiyapasue. Osha kwa maji na sabuni isiyo kali, paka vaselini, funika kwa bandeji safi, usichune gaga likianza kukauka. Jua lisiguse hapo, na katika hili stara yetu inatusaidia. Kama bandeji inakutatiza kwenye udhu, fiqhi ina mlango wa kupangusa juu yake na wa kutayamamu. Muulize shekhe akuelekeze namna yake. Kwa kawaida ngozi ya juu inapona kwa wiki moja mpaka mbili. Kufifia kwa mchoro utakuona polepole, na baada ya mara ya kwanza wengi wanasikitika kwa sababu tofauti ni ndogo.

Vikao vingapi? Hapa ndipo wauzaji wanapodanganya. Mwaka 2009 huko Marekani kilichapishwa kipimo kinachoitwa Kirby-Desai cha kukadiria idadi. Kinaangalia rangi ya ngozi, mchoro uko sehemu gani ya mwili, wino ni mwingi kiasi gani, una rangi ngapi, kuna kovu au hakuna, na kama tatuu imechorwa juu ya nyingine. Kadiri ngozi ilivyo nyeusi alama zinapanda. Kadiri mchoro ulivyo mbali, kifundoni au mguuni, zinapanda tena. Tatuu ya fundi mzuri inaweza kutaka vikao sita, kumi, au zaidi. Ile ya sindano ya skuli mara nyingi ina wino mchache na huondoka mapema. Kati ya kikao na kikao ni wiki 6 mpaka 8, na kwa ngozi zetu madaktari wengi huona bora kuchelewa kuliko kuwahi. Pigeni hesabu wenyewe. Vikao 8 kila baada ya wiki 8 ni wiki 56 toka cha kwanza mpaka cha mwisho, zaidi ya mwaka. Na baada ya yote hayo panaweza kubaki kivuli. Sasa nambieni, huyu wa Rajabu na Mfunguo Mosi atafuta nini?

Atakachofuta ni ngozi. Tuna biharusi wetu mmoja, jina lake tunalisitiri, ambaye wifi yake aliahidi kwamba siku ya kusingwa atakuwepo amwone mwili mzima. Mtoto wa watu alikuwa na herufi tatu kwenye mkono. Akaenda dukani akauziwa krimu ya kufutia tatuu, akaambiwa siku kumi. Krimu zile nyingi zina asidi ndani yake. Alipokuja kujaribu gauni mara ya mwisho alikuwa na kidonda cha upana wa kiganja, na lesi ya mkono tuliyoishona kwa wiki mbili ikamganda pale. Tulikata mkono mzima wa gauni akiwa ndani yake, tukashona mwingine mpana wenye bitana ya pamba. Harusi ilikwenda, picha zilipigwa. Kidonda kilipopona, zile herufi zilikuwa bado zipo zikisomeka, sasa zimezungukwa na kovu lililotuna. Na kovu hilo linaifanya hata leza ya kweli iwe ngumu zaidi kwake. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, imesema wazi kwamba haijaidhinisha krimu yoyote ya kufuta tatuu nyumbani. Dukani huku zinauzwa karibu na sabuni.

Wifi yule yupo, hajambo. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Mabiharusi, tunawaomba pia haya. Kama umeshaanza leza, umwambie somo wako kwa siri na mapema kwamba sehemu fulani haisingwi. Singo ni kusugua, na ngozi iliyopigwa leza haitaki kusuguliwa, wala liwa, wala manukato. Piko ndiyo kabisa. Tumesikia wachoraji wakishauri mchoro uzibwe kwa piko kwa sababu hina nyekundu haiuzibi wino mweusi. Piko nyingi zina dawa ya nywele, na ile dawa inaunguza hata ngozi nzima, seuze yenye jeraha. Wenye kujichubua na mkorogo waache kabla hawajafika kwa daktari, na wamwambie ukweli. Mwenye mimba asubiri. Na ambaye akitoga sikio tu linatoa kovu la kuvimba, aseme hilo mwanzo kabisa. Daktari tunayemsema ni aliyesomea ngozi. Tanzania inawafundisha Moshi, kwenye kituo cha ngozi cha KCMC. Anayejiita daktari kwa sababu ana mashine na koti jeupe hatumhesabu.

Halafu kuna jambo la nyusi. Wengi mnaowacheka wenye tatuu mna nyusi za kuchanja, na wengine midomo. Ni sindano ile ile na wino ule ule kuingizwa ndani ya ngozi, ila imepewa jina la urembo na bei kubwa. Mkizichoka mkaenda kupigwa leza, jihadharini: wino wa kahawia na wa rangi ya ngozi mara nyingi una madini ya chuma au titani, na leza inaweza kuugeuza mweusi papo hapo. Mtu anaingia na nyusi za kahawia anatoka na mistari ya makaa, na kuiondoa hiyo ni safari mpya. Biharusi anayetaka nyusi za kuchanja mwezi mmoja kabla ya akdi, tafadhali, wanja bado unauzwa.

Tunajua watakaosema tunawapa wasichana ruhusa. Kwamba wakijua hawalazimishwi kufuta kabla ya harusi watazidi kuchora. Sisi tunaowapima hatujakutana na hata mmoja aliyechora kwa kutegemea huruma ya wifi. Walichora wakiwa na miaka kumi na minane, wamependa, au wamefiwa, au wamefuata wenzao. Walio wengi walishatubia zamani, wanavaa mikono mirefu hata ndani ya nyumba kwenye joto la Kaskazi. Mnayemwadhibu leo si yule aliyechora.

Na kumwambia bwana harusi? Kwa rai yetu, kama mchoro uko mahali atakapouona, amwambie mwenyewe, kwa maneno machache, kabla mtu mwengine hajampelekea kwa mapambo. Hana haja ya kusimulia historia. Tulio wakubwa kidogo tumeona wanaume wanaelewa haraka kuliko dada zao. Asiyeelewa, ni heri ijulikane kabla ya akdi.

Kwa upande wetu, anayehitaji mkono mrefu, shingo ya juu au mgongo uliofungwa anashonewa, na bitana ya pamba tunaweka bila kuongeza bei kama ngozi bado inapona. Aje mwezi mmoja kabla, asije siku tatu kabla.

Limebaki la pesa, na hili linatukera kuliko yote. Tumesikia familia zaidi ya moja zikitaka biharusi ajilipie leza kwa mahari yake. Mahari ni haki yake, hayana mtu wa kuyapangia. Upande wa mume ukiona mchoro hauvumiliki, basi wao ndio walipie: daktari wa ngozi wa kweli, vikao vyote mpaka mwisho, krimu ya ganzi, bandeji, na kama itabidi kuvuka, boti ya kwenda Dar na kurudi mara nane, pamoja na nauli ya mtu wa kufuatana naye. Na harusi iendelee siku iliyopangwa.